Mkuu wa Chuo Aliyetoka Karakana: Maisha ya Henry Dyer

Hotuba ya mkufunzi mstaafu wa karakana kwa wanafunzi wa uhandisi, siku moja kabla hawajaondoka kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi vijana, hamjambo?

Mmeniona nikiingia ukumbini na viti viwili, mipini minne ya mafagio, kamba na matofali, na nimesikia minong'ono huko nyuma. Viacheni hapohapo jukwaani. Tutavihitaji mwishoni, na nitataka watu watatu wa kujitolea.

Mkuu wa Chuo aliponiomba niseme neno kabla hamjatawanyika, nadhani alitegemea nizungumzie usalama kazini: buti, kofia ngumu, miwani ya kuchomelea. Hayo mmekwisha kuambiwa na mtaambiwa tena mkifika. Mimi nimekuja kuwasimulia maisha ya mtu mmoja, Mskoti aliyeitwa Henry Dyer, ambaye mwaka 1873 alikabidhiwa chuo kipya cha uhandisi mjini Tokyo, Japani, akiwa na umri wa miaka 24. Humu ukumbini wapo wenye umri huo.

Nimemchagua yeye kwa sababu ya swali ambalo wanafunzi wangu waliniuliza kuliko maswali yote, mwaka baada ya mwaka, tena mara nyingi wakiwa wamesimama mbele ya jiriwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, wakiwa wamenuna: "Mwalimu, mimi nasomea uhandisi. Kwa nini nishike tupa kama fundi mchundo?" Nilikuwa nawajibu kwa maneno yangu. Nilipoanza kusoma habari za Dyer nikaona kuna mtu alilijibu swali hilo kwa kujenga chuo kizima.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1848, Bothwell, karibu na jiji la Glasgow. Familia yao ilihamia Shotts, mji wa makaa ya mawe na chuma, kwa hiyo mtoto yule alikulia kwenye moshi wa tanuru. Baadaye akaingia Glasgow kama mwanagenzi katika kiwanda cha kusubu vyuma, yaani kuviyeyusha na kuvimimina kwenye kalibu, na kuunda injini, kiwanda cha James Aitken, mtaa wa Cranstonhill. Mchana alikuwa kiwandani. Jioni, akishanawa mikono, alikwenda Anderson's College, chuo kilichokuwa kikifundisha wafanyakazi madarasa ya usiku.

Nataka tukae hapa kidogo, maana ndipo kila kitu kilipoanzia. Uingereza wakati huo ndiyo iliyokuwa ikiongoza dunia kwa injini za mvuke, reli na meli za chuma, lakini namna yao ya kumpata mhandisi ilikuwa ya kizamani kabisa: kijana anakabidhiwa kwa fundi, anamtazama, anamshikia taa, anapewa kazi ndogo, na miaka ikipita anahesabiwa kuwa amejua. Anayetaka kujua kwa nini boila imepasuka hakuwa na wa kumweleza kwa hesabu. Ng'ambo ya bahari, Ufaransa, Ujerumani na Uswisi, walikuwa na vyuo vya ufundi vya juu vilivyofundisha hesabu na fizikia kwa kina, lakini mwanafunzi aliweza kuhitimu akiwa hajawahi kuchafua shati. Dyer aliishi kwenye ufa uliokuwa kati ya pande hizo mbili. Mchana alipata nusu moja, usiku akaitafuta nusu ya pili kwa nguvu zake mwenyewe.

Nami naujua ufa huo. Nilipoanza uanagenzi, fundi wangu mkuu alinipa kipande cha chuma kilichokatwa kwa msumeno, tupa moja, na guni la kupimia pembe mraba. Akaniambia nikipige tupa mpaka kiwe mraba kamili, kiingie kwenye tundu alilolitoboa yeye, pande zote nne, na nikikiinua kwenye dirisha mwanga usipite. Ilinichukua wiki tatu. Siku ya nne viganja vilitoka malengelenge, siku ya kumi nikalia. Upande mmoja ukikaa sawa, mwingine unapwaya. Nikisawazisha huo, wa kwanza unaharibika. Yule mzee hakunisaidia hata mara moja. Alikuwa akija, anakiinua dirishani, ananionyesha uzi wa mwanga, anaondoka. Miaka michache baadaye nimekaa darasani, mwalimu akaandika ubaoni kwamba kosa linaloruhusiwa kwenye kipimo hiki ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Wenzangu waliona namba. Mimi nilijua ile ni mivuto mingapi ya tupa.

Turudi Glasgow. Katika madarasa yaleyale ya jioni ya Anderson's College alikuwapo kijana mwingine, Mjapani, jina lake Yamao Yozo. Mchana alikuwa akifanya kazi katika karakana ya kuunda meli ya Napier kwenye mto Clyde. Yamao alikuwa mmoja wa vijana watano wa jimbo la Choshu waliotoroka Japani mwaka 1863, wakati adhabu ya Mjapani aliyetoka nchini bila ruhusa ilikuwa kifo. Mwenzake mmoja katika safari ile alikuwa Ito Hirobumi, ambaye mwaka 1885 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Japani. Fikirieni darasa lile: taa zinawaka, vijana wamechoka na kazi, mmoja Mskoti, mmoja Mjapani, hawana habari kwamba miaka michache baadaye watakutana upande wa pili wa dunia, mmoja akiwa mkuu wa chuo na mwingine akiwa kiongozi wa wizara itakayomwajiri.

Mwaka 1868 Dyer aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow. Mwalimu wake mkuu alikuwa William Rankine, mmoja wa waliojenga msingi wa sayansi ya joto na kazi mnayoisoma kwenye somo la injini. Mzunguko unaofundishwa hadi leo katika mitambo ya mvuke una jina lake. Mwaka 1870 Dyer alipata ufadhili ulioanzishwa na mwenye viwanda Joseph Whitworth, ambao mwombaji alitahiniwa nadharia na kazi ya mikono kwa pamoja. Kwa mtu aliyetoka tanurini, mtihani ule ulikuwa kama umetungwa kwa ajili yake.

Sasa, Japani ilikuwa imebadilisha utawala mwaka 1868, na serikali mpya ilikuwa na haraka. Wizara ya Kazi za Umma ilikuwa na reli, migodi, telegrafu na minara ya taa, na karibu kila kitu kilisimamiwa na wageni wa kuajiriwa kwa mishahara mikubwa. Ito alipopita Uingereza mwaka 1872 na ujumbe mkubwa wa serikali yake, aliomba atafutiwe walimu wa chuo cha uhandisi. Swali likamfikia Rankine, naye akamtaja mwanafunzi wake ambaye alikuwa hata hajamaliza mitihani ya mwisho. Rankine alifariki mwezi Desemba mwaka huohuo, asione kilichotokea.

Dyer akapanda meli mwaka 1873 pamoja na walimu wenzake, vijana kama yeye. Wiki zote zile za baharini hakuzipoteza. Aliandika mwongozo wa chuo, mtaala wote, kuanzia masomo ya kuingilia hadi mtihani wa mwisho. Alipofika mwezi Juni aliuweka mezani kwa Yamao, ambaye ndiye aliyekuwa akishika wizara, na mwenyewe Dyer ameandika kwamba serikali iliupokea bila kubadilisha chochote. Wako watu wanaoona hiyo ni bahati. Mimi naona ni kwa sababu msomaji wa ule mwongozo naye alikuwa amefanya kazi mchana na kusoma usiku katika jiji lilelile. Kilichoandikwa mle hakikuhitaji kufafanuliwa kwake.

Mtaala wenyewe ulikuwa wa miaka 6. Miaka 2 ya kwanza ni masomo ya jumla: hesabu, fizikia, kemia, uchoraji, Kiingereza. Miaka 2 ya kati mwanafunzi anachagua fani, na kila mwaka miezi 6 yuko chuoni na miezi 6 yuko kazini. Miaka 2 ya mwisho yote ni kazi, kwenye karakana, migodini, relini, kwenye mitambo ya telegrafu. Halafu ndipo anahitimu. Hesabuni wenyewe: miaka 3 kati ya 6 mwanafunzi yuko na mikono yenye grisi. Kulikuwa na uhandisi wa ujenzi, wa mitambo, wa migodi, usanifu majengo, kemia ya viwandani, usubuji na uyeyushaji wa madini, na telegrafu. Hiyo ya mwisho itazameni vizuri. Mwaka 1873 vyuo vilivyokuwa na fani ya umeme wa telegrafu duniani kote vilikuwa vya kutafuta kwa tochi.

Wapinzani walikuwapo, na hoja yao mmeisikia hapahapa kwetu. Walisema: Japani haina viwanda, mnasomesha wahandisi waende wapi? Jibu la Yamao linakumbukwa huko hadi leo. Alisema hata kama leo hakuna viwanda, tukitengeneza watu, watu hao watavigundua viwanda. Wazazi mliopo hapa, najua swali hilo mmeulizwa na ndugu na majirani: mtoto anasomea mitambo, mitambo iko wapi? Sitawadanganya kwamba ajira ni nyingi. Nawaambia tu kwamba swali hilo limewahi kuulizwa na nchi nyingine iliyokuwa haina kitu, na waliolijibu walikuwa wametoka karakana.

Na tusiseme habari hizi ni za mbali. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, miaka 100 kamili tangu Dyer ateremke Yokohama. Kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, si wa Waskoti. Lakini nacho kiliweka mafunzo ya viwandani ndani ya mtaala tangu mwanzo, na vizazi vya wahandisi wa nchi hii wamepita humo.

Jengo la chuo kile cha Tokyo lilikuwa eneo la Toranomon. Kwa Kijapani kiliitwa Kobu Daigakko. Wanafunzi walilala bwenini, walisomeshwa kwa gharama ya serikali, nao wakafunga ahadi ya kuitumikia serikali miaka 7 baada ya kuhitimu. Wengi walikuwa watoto wa samurai, tabaka la wapiganaji lililokuwa limepoteza kazi yake. Hebu fikiria mtoto wa samurai, aliyelelewa kuamini kwamba kazi ya mikono ni ya watu wa chini, anapewa nyundo na Mskoti aliyekuwa mwanagenzi wa kusubu vyuma. Dyer alipambana na hilo miaka yote. Chuo kilitumia karakana ya serikali ya Akabane, kubwa, yenye mashine za kukereza na tanuru za kusubu, na wanafunzi walipelekwa huko kufanya kazi, si kutembezwa kama watalii.

Walimu aliokuwa nao walikuwa wa pekee. John Milne alikuja kufundisha jiolojia na madini. Tetemeko la Yokohama la mwaka 1880 likamfanya yeye na wenzake waunde chama cha kuchunguza matetemeko na vyombo vya kuyapima. Josiah Conder alifundisha usanifu majengo. William Ayrton alifundisha umeme, na nitawasimulia jambo moja lake.

Tarehe 25 Machi 1878 kulikuwa na karamu ya kufunguliwa kwa ofisi kuu ya telegrafu ya Tokyo, na karamu ikafanyika katika ukumbi wa chuo. Ayrton na wanafunzi wake walikuwa wamepanga betri nyingi na kufunga taa ya umeme ya vipande viwili vya kaboni. Umeme unaruka kutoka kipande kimoja hadi kingine na kutoa mwanga mweupe, mkali kuliko chochote ambacho watu wale walikuwa wamewahi kukiona usiku. Ikawashwa mbele ya wageni. Ndiyo taa ya kwanza ya umeme kuwashwa nchini Japani kwenye hafla ya watu, na siku hiyo ya 25 Machi wameifanya kuwa siku ya kumbukumbu ya umeme. Mnajua kinachonigusa? Taa ilisimamiwa na wanafunzi. Kama ingegoma, aibu ingekuwa yao mbele ya mawaziri. Mwalimu anayempa mwanafunzi kazi inayoweza kumwaibisha hadharani ni mwalimu anayemwamini.

Darasa la kwanza lilihitimu mwaka 1879, wahandisi 23. Mwaka huohuo wakaunda chama chao cha wahandisi. Hawakusubiri mtu awaundie. Kati ya hao alikuwamo Takamine Jokichi, mkemia, ambaye baadaye akiwa Marekani alifanikiwa kuitenga homoni ya adrenalini. Alikuwamo Shida Rinzaburo, aliyekwenda kusoma Glasgow kisha akarudi kushika nafasi ya walimu wageni. Na alikuwamo Tatsuno Kingo, wa kwanza katika usanifu majengo, aliyesanifu Benki ya Japani na kisha Stesheni ya Tokyo iliyofunguliwa mwaka 1914. Tetemeko kuu la mwaka 1923 lilipopiga, jengo la zamani la chuo, lililosanifiwa na mgeni, liliharibika vibaya. Stesheni ya mwanafunzi ilisimama, na ukienda Tokyo leo utashukia hapo.

Lakini ninayempenda mimi ni Tanabe Sakuro. Jiji la Kyoto lilikuwa limedorora baada ya mfalme kuhamia Tokyo. Gavana wake alitaka kuchimba mfereji wa kuleta maji kutoka ziwa Biwa, kupitia milimani. Tanabe alikuwa mwanafunzi, na mradi huo akaufanya kuwa kazi yake ya kuhitimu. Akaenda kupima ardhi mwenyewe. Akaumia kidole cha mkono wa kulia. Akaendelea kuandika na kuchora kwa mkono wa kushoto. Alipohitimu mwaka 1883, akiwa na miaka 21, gavana akamwajiri, na kijana yule ndiye aliyekabidhiwa uhandisi wa kazi yote. Wengi walisema kazi kama hiyo haiwezekani bila mhandisi wa kigeni.

Handaki la kwanza lilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 2,400. Handaki refu kiasi hicho likichimbwa kutoka pande mbili tu linachukua muda mrefu mno, kwa hiyo Tanabe alichimba shimo la wima kutoka juu ya mlima hadi usawa wa handaki, kama kisima, ili mafundi wateremke katikati na kuchimba kuelekea pande zote mbili. Sasa badala ya sehemu mbili za kuchimbia una nne. Hatari yake mnaiona: makundi hayo hayaonani, yako gizani ndani ya mwamba, maji yanavuja na lazima yapigwe pampu usiku na mchana, na mstari wote unategemea vipimo ulivyoteremsha kupitia shimo kwa timazi, ule uzi wenye kitu kizito nchani. Ukikosea juu kwa upana wa kidole, chini watapishana. Hawakupishana. Mfereji ulikamilika mwaka 1890. Kazi ikiwa inaendelea, Tanabe alikwenda Marekani kuona umeme wa nguvu za maji, akarudi akabadili mpango, na mwaka 1891 kituo cha Keage kikaanza kuzalisha umeme kwa maji ya mfereji ule. Mwaka 1895 tramu za umeme zilikuwa zikipita mitaa ya Kyoto.

Hapo ndipo ninapokasirika kidogo, mniwie radhi. Tanabe alipewa mlima akiwa na miaka 21. Mimi nimewahi kuwatembelea wanafunzi wangu kwenye kiwanda kimoja, sitakitaja, nikawakuta wanne wameketi kwenye mabenchi karibu na geti. Walikuwa wiki ya tano. Kazi waliyokuwa wamefanya ni kufagia stoo na kuwachemshia chai mafundi. Daftari zao za kazi zilikuwa zimejaa, zimeandikwa vizuri sana, na zimepigwa muhuri. Mmoja alikuwa ameandika "ukarabati wa pampu". Nikamuuliza: pampu ipi, twende ukanionyeshe. Akainamisha kichwa. Sikumlaumu peke yake. Msimamizi hakumpa kazi, chuo hakikufuatilia, na yeye aliona muhuri unatosha. Watatu wote walikuwa wamekubaliana kudanganyana. Nilikaa na msimamizi yule hadi jioni, na kesho yake vijana wakapewa pampu mbovu waifungue. Walikuwa hawajui nati hugeuzwa upande gani ikiwa na uzi wa kushoto. Wakajua siku hiyo.

Dyer aliondoka Japani mwaka 1882, akiwa na nishani ya Jua Linalochomoza kutoka kwa mfalme. Mwaka 1886 chuo chake kiliunganishwa kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kifalme, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tokyo. Hadi hapo kilikuwa kimetoa wahandisi zaidi ya 200. Mkuu wa kigeni kuondoka, na kazi ikaendelea kwa mikono ya aliowafundisha: mimi hicho ndicho ninachompimia.

Nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Mtu aliyeongoza kwa miaka 9 chuo kilichosifiwa na majarida ya sayansi ya Uingereza yenyewe alirudi Glasgow, akaomba nafasi za juu vyuoni, hakupewa. Alikuwa na miaka 34. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Uingereza haikuona kwamba ina cha kujifunza kutoka Tokyo, hata kama kilichokuwa Tokyo kilitoka Glasgow. Wenye taaluma zao walikuwa wameridhika na uanagenzi wao, na maprofesa walikuwa wameridhika na vitabu vyao. Japani hakukuwa na mtu wa kumzuia. Nyumbani kila kiti kilikuwa na mwenyewe.

Hakununa. Aliingia kwenye bodi ya Anderson's College, kile chuo cha usiku kilichomlea, na mwaka 1887 kilipounganishwa na vingine kuwa chuo kimoja cha ufundi, alisaidia kupanga masomo yake. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Strathclyde, na kuna jengo lenye jina lake. Alifanya kazi miaka mingi katika bodi ya shule za jiji. Wanafunzi wa Kijapani waliofika Glasgow walimkuta yeye kama mwenyeji wao, na mwaka 1901 Chuo Kikuu cha Glasgow kilipokubali Kijapani kihesabiwe kama lugha ya mtihani wa kuingilia, mkono wake ulikuwamo. Nawaomba mlishike hilo, ninyi mnaoambiwa kila siku kwamba lugha yenu haina maneno ya kiufundi. Jiriwa, tupa, guni, timazi, kalibu: babu zetu mafundi hawakuwa bubu.

Yako mambo ambayo sikubaliani naye. Mwaka 1904 alitoa kitabu kikubwa juu ya Japani, akaiita Uingereza ya Mashariki, na alikusudia sifa. Sisi ambao nchi yetu imetawaliwa na Uingereza tunaisikia sifa hiyo kwa sikio lingine, na Wakorea, waliotwaliwa na Japani mwaka 1910, zaidi yetu. Dyer aliamini kwamba mhandisi ndiye anayebadilisha maisha ya jamii kuliko wanasiasa, ndiyo maana aliwahimiza wanafunzi wake wasome pia historia na fasihi na mambo ya jamii. Niliposoma hivyo nilitamani angewauliza vilevile: reli hii inampeleka nani, wapi, kufanya nini. Tena katika chuo kile hakukuwa na binti hata mmoja. Nikitazama safu hizi za mbele nafurahi kwamba kwenye hilo tumemzidi.

Alifariki Glasgow tarehe 25 Septemba 1918.

Sasa, vile viti. Naomba vijana wawili wenye mabega, na binti mmoja asiyeogopa. Karibuni. Wewe mama, njoo.

Miaka ya 1880 Skoti walikuwa wakijenga daraja la reli la Forth, moja ya madaraja makubwa ya chuma ya enzi hizo, na watu walikuwa na wasiwasi nalo, maana daraja lingine lilikuwa limeanguka na treni. Mhandisi Benjamin Baker alitaka kuwaeleza wananchi linavyosimama. Akapiga picha. Watu wawili wamekaa vitini, mbali kidogo, wamenyoosha mikono. Kila mkono umeshika ncha ya fimbo, na ncha ya pili ya fimbo imekita kwenye kiti. Mikono ya nje imefungwa kwa kamba kwenye marundo ya matofali. Katikati, kati ya mikono ya ndani, kuna ubao, na juu ya ubao ameketi mtu, miguu haigusi chini. Mtu huyo ni Watanabe Kaichi, Mjapani, mhitimu wa chuo cha Dyer wa mwaka 1883, aliyekuwa akifanya kazi kwenye daraja lile.

Haya, kaeni. Nyoosheni mikono. Shikeni mipini, kiteni hapa kwenye kona ya kiti. Wewe rekebisha, usiishike katikati, shika nchani. Nifungieni matofali huku na huku, kaza hilo fundo. Nisaidieni kuweka ubao. Taratibu binti yangu, kaa, halafu nyanyua miguu.

Kimya jamani, tumsikilize. Wewe kijana wa kushoto, mkono wako unasikiaje?

"Unavutwa, mwalimu."

Na mpini?

"Unasukuma kiti. Unarudi kwangu kwa nguvu."

Na wewe hapo katikati?

"Sianguki."

Kaeni hivyohivyo. Mwenye daftari achore mishale.